Mradi wa kuhama Sinza: tunatafuta mtaa wa kutembea kwa miguu

Januari, wiki ya pili

Mwenye nyumba kaja na habari zake. Vyumba viwili na sebule hapa Sinza, Dar, tulikuwa tunalipa 450,000 kwa mwezi, kuanzia mwezi wa tano anataka 600,000 na anaitaka ya miezi sita kwa mpigo, yaani 3,600,000 uiweke mezani ndio uendelee kulala. Hatugombani naye, Sinza ina wateja, sisi tukitoka leo kesho kuna mtu kaingia. Kwaiyo mradi umeanza rasmi, mpaka mwisho wa mwezi wa nne tuwe tumehama, na ntakuwa naandika hapa kila tunapofikia maana kichwa changu saivi kimejaa bei na majina ya vituo.

Hali yetu ni hii. Gari hatuna na hatununui. Mimi nafanya hesabu za maduka Kariakoo, siku tatu kwa wiki lazima nionekane, zilizobaki napiga kazi nyumbani kwenye laptop. Baba watoto ni fundi AC, kazi zake zinazunguka, leo Mikocheni kesho Kibamba. Dogo yuko darasa la pili. Halafu bimkubwa, mama yangu mzazi, anakaa na sisi, magoti yanamsumbua ila kukaa ndani hataki, asubuhi lazima aende gengeni mwenyewe akabishane bei ya mchicha.

Sasa kila ukimwambia mtu unahama jibu ni moja tu, nunueni kiwanja. Sijui Chanika, sijui Msongola, weka tofali kidogo kidogo. Sikatai, watu wametoboa hivyo. Ila swali letu sisi sio hilo, swali letu ni kwamba tukishafika huko, chumvi ikiisha saa moja usiku nani anaifuata na kwa usafiri gani? Bimkubwa kakulia Ngamiani, Tanga, kule kwa barabara za namba, mji tambarare kila mtu na baiskeli yake, na yeye ana kauli yake kwamba ukienda kununua nazi ukarudi ukakuta wali umeshaungua, hapo hujahamia mjini.

Tukakubaliana kipimo. Genge, mangi (kile kiduka cha kona), duka la dawa, shule ya msingi, zahanati, msikiti na kituo cha daladala, vyote bimkubwa avifikie kwa miguu yake bila kutafuta mahali pa kukaa njiani. Na hela tunaihesabu kwa pamoja, kodi na nauli na boda na maji, jumla yake isizidi ile 450,000 tunayolipa saivi kwa kodi peke yake. Mtu akikwambia kapata nyumba ya laki na nusu muulize kwanza anatumia shilingi ngapi kutoka lami mpaka getini.

Mwisho wa Januari

Tumeanza na upande wa Bagamoyo Road kwa sababu kuna ndugu anakaa Madale. Nyumba yake nzuri, upepo, kimya, kodi 200,000 vyumba vitatu, mpaka baba watoto akaanza kupima kwa macho simtanki lake la maji litakaa wapi. Nikamwambia subiri. Tukahesabu boda, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 26 za kazi ni 104,000 kwa mtu mmoja, na huyo ni mtu mmoja ambaye hajasahau kitu chochote akarudi. Ukiweka na dogo wa shule ile 200,000 imeshafika laki nne na haujanunua maji. Na kutembea kwenyewe ni mlima, makorongo, hamna pa kuweka mguu boda zikipishana na malori ya mchanga.

Wiki hiyo hiyo tukavuka na panton kwenda Kigamboni, nauli 200, bimkubwa alifurahi bahari kama mtoto. Huko tuliangalia Kibada. Kibada ni kati ya maeneo ya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, pamoja na Bunju, Mbweni, Toangoma, Gezaulole, Mwanagati na Buyuni, na ukifika unaona kabisa hapa palichorwa na mtu mwenye rula, barabara zimenyooka, viwanja vikubwa, kila nyumba na ukuta wake. Mtu mwenye gari atapapenda. Sisi tulitembea mtaa mzima jua la saa saba tukipita ukuta, geti, ukuta, geti, hakuna hata kibaraza cha kukaa wala muuza vocha. Mlinzi mmoja alituelekeza genge, tukaenda, tukaenda, mwishoni bimkubwa akakaa kwenye jiwe akasema mimi hapa nimeshafika, nyie endeleeni.

Hapo ndio nikaanza kuona kitu. Dar ina mitaa ya aina mbili tuseme. Kuna uswahilini, Manzese, Tandale, Buguruni huko, unatoka mlangoni hatua chache unapata samaki, mkaa, fundi cherehani, duka la dawa, kila kitu, ila njia zenyewe ni vichochoro na mvua ikija unaogelea. Halafu kuna hizi za kupimwa, barabara unayo ila huna pa kwenda nayo. Tunachotaka sisi ni cha katikati, na nahisi hatutakipata kwenye mtaa mpya wowote maana maduka huwa yanafuata watu taratibu sana, miaka na miaka. Bora tutafute kamji ka zamani ambako watu walishakaa, soko likaota lenyewe, shule ipo, hospitali ipo. Nje ya Dar viko, tunavipitaga tu kwenye basi.

Februari

Morogoro. Najua, Morogoro sio kitongoji cha Dar, ni mji wenyewe tena kama kilomita 190 huko, lakini tangu SGR, ile treni ya umeme, ianze safari za Dar–Morogoro tarehe 14 Juni 2024 kuna kila mtu anasema eti unaweza kukaa Moro ukafanya kazi Dar. Tukasema twende tukaone, na mimi hesabu ndio kazi yangu.

Mji nimeupenda, nisidanganye. Katikati unatembea, soko la Chifu Kingalu liko pale pale, matunda bei ya kutupa, kivuli cha miti, Uluguru inakuangalia kila ukigeuka, na bimkubwa alitembea kuliko sisi wote. Kodi za huko zinakufanya ujiulize Sinza ulikuwa unafanya nini. Ila nauli ya daraja la kawaida tulipoenda ilikuwa 13,000, kwenda na kurudi 26,000, siku zangu 13 kwa mwezi ni 338,000. Na hapo bado hujatoka stesheni kwenda nyumbani wala stesheni kwenda Kariakoo. Kwa mtu anayeshuka Dar mara moja kwa wiki Moro ni jibu zuri sana na ningemshauri bila kupepesa. Kwangu mimi treni ingekula kodi niliyookoa na chenji isirudi. Na baba watoto wateja wake wote wa AC wako Dar, Moro kuna baridi ya bure usiku.

Imefungwa hiyo. Ila imetuachia wivu.

Machi, Ramadhani

Kwenda kuangalia nyumba ukiwa umefunga ni kipimo chenyewe. Kama saa saba mchana mdomo mkavu unaweza kutembea mtaa bila kuulaani, huo mtaa ni mzuri.

Tulienda Kisarawe. Watu wengi wanajua Pugu wanaishia hapo, lakini ukipita Pugu ukapanda kidogo unaingia Kisarawe mjini, Mkoa wa Pwani tayari, makao makuu ya wilaya, na ni kamji kweli kweli. Hospitali ya wilaya, soko, ofisi, shule, msikiti, vyote vimekusanyika, watu wanasalimiana. Hewa ya milimani na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi hapo pembeni, usiku unajifunika shuka. Zamani shida yao kubwa ilikuwa maji, watu walikuwa wananunua madumu, ila mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba ulizinduliwa 2020 na nyumba tuliyoangalia ilikuwa na bomba ndani. Kodi 130,000 vyumba viwili sebule, mwenye nyumba mzee mmoja mwalimu mstaafu, anataka miezi mitatu tu, na akatupa maembe ya kwenda kufuturu.

Nilikuwa nimeshaamua moyoni. Kilichotukwamisha ni viwili. Cha kwanza vilima, Kisarawe unashuka kwenda sokoni unapanda kurudi, na kupanda na kikapu ndio magoti ya bimkubwa hayataki, alijikaza hakusema kitu ila nilimuona anashika ukuta. Cha pili ni njia. Unatoka mpaka Gongo la Mboto halafu unaingia Nyerere Road, na tulipopita bado kulikuwa na ujenzi wa awamu ya tatu ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, foleni yake ilikuwa ya kusoma Kurani juzuu nzima. Treni ya Pugu ipo asubuhi na jioni, inasaidia kama saa zako zinalingana na zake, zangu hazilingani. Mwendokasi ikikaa sawa upande ule Kisarawe itakuwa mahali pazuri mno na kodi itapanda, kwaiyo mtu ambaye hana mgonjwa wa magoti na kazi yake iko Gongo la Mboto, uwanja wa ndege au viwanda vya Vingunguti, akimbie sasa.

Machi, baada ya sikukuu kidogo

Kibaha. Nimeiacha mwisho kwa sababu nilikuwa naidharau, Kibaha kwangu ilikuwa pale basi la Moro linaposimama unanunua korosho dirishani basi linaondoka.

Kumbe ukishuka ukaingia ndani ni habari nyingine. Ni makao makuu ya mkoa, kama kilomita 40 kutoka Posta, ila vichwa vya mji ni viwili. Kuna Mailimoja, pale kwenye soko na stendi na benki na kelele. Na kuna Tumbi, kwenye Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanza 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, serikali ikakabidhiwa 1970. Wale watu walijenga shule, kituo cha afya ambacho saivi ndio Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, maktaba, chuo cha wananchi, nyumba za watumishi, vyote karibu karibu na njia za kupita chini ya miti. Hawakuwa wanajenga kwa ajili ya wenye magari, mwaka 1963 nani alikuwa na gari, na mpaka leo ukitembea Tumbi unaona mtu alifikiria mtoto anatoka wapi anakwenda wapi. Natamani watu wanaochora viwanja saivi wangepelekwa pale wakatembezwa mchana wa jua.

Tumbi nyumba za kupanga karibu na hospitali ziko chache na wauguzi wanaziwahi. Na genge kubwa liko Mailimoja, kutoka Tumbi ni bajaji, sio mbali ila kwa miguu ya bimkubwa ni mbali. Tukahamishia macho Mailimoja, nyuma ya soko.

Hapa kuna jambo moja ambalo mtu asikuambie ni dogo, nalo ni barabara ya Morogoro. Kipande cha Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa njia nane, wenye kumbukumbu wanajua bomoabomoa ya 2017 ilivyopita pale. Kwa anayesafiri raha tupu, zamani Kimara peke yake ulikuwa unazeekea. Lakini kwa anayeishi pembeni yake hiyo barabara ni mto. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, bodaboda zinazopita kinyume, halafu wewe umesimama na mtoto wa darasa la pili unasubiri nafasi. Kwaiyo tukaongeza sharti kwenye kipimo, nyumba na shule na genge na msikiti viwe upande mmoja wa barabara, cha ng'ambo tusikihesabu kabisa hata kama unakiona kwa macho. Sharti hili lilituondolea nyumba nyingi, ikiwemo moja nzuri mno yenye vigae na feni za dari, dalali aling'aka, akasema dada yangu kuvuka barabara ndio kitu cha kukataa nyumba? Ndio.

Hela sasa. Kwa nauli za siku tulipohesabu, Kibaha mpaka Kimara ilikuwa 900, mwendokasi Kimara mpaka Kariakoo 750, kwenda na kurudi 3,300. Mara 13 ni 42,900. Baba watoto siku zake nyingi ziko Mbezi, Kibamba, Kimara, anapanda gari moja tu na mabegi yake ya spana, tukamkadiria 60,000. Boda sifuri, na hii sifuri ndio utamu wenyewe. Kwa kodi ya 180,000 tunakuwa kwenye 283,000 na maji na umeme unabaki ndani ya bajeti kwa mbali. Muda ndio unaumia, asubuhi ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka Kariakoo kama mambo yamekaa vizuri, na Kimara ile kugombania mlango wa mwendokasi inataka kifua. Kutoka Sinza nilikuwa natumia dakika 40 siku nzuri, siku mbaya saa na robo. Siku tatu kwa wiki naivumilia. Ingekuwa siku sita nisingehama, na simshauri mtu wa siku sita.

Aprili, mvua

Nyumba mbili zimebaki, zote Mailimoja upande mmoja na soko. Kiangazi kila mtaa ni mzuri, ukitaka kuujua mtaa nenda masika, tena siku ya pili ya mvua, sio ya kwanza. Tumeenda na mabuti.

Nyumba ya kwanza, ile ya bei rahisi ya 150,000, njia yake imegeuka mtaro, watu wameweka mawe na matairi wanaruka, bimkubwa akaangalia akageuka hata hakuuliza. Ya pili ya 180,000 iko juu kidogo, mchanga, maji yanapotea chini baada ya nusu saa. Tukatembea kila njia ambayo tutaitumia. Genge, tukiongea, dakika sita hivi. Mangi yuko kona na anafunga saa nne usiku. Shule ya msingi dogo atapita njia ya ndani, hamna kuvuka lami hata mara moja. Duka la dawa sokoni. Msikiti adhana inasikika ndani. Mikorosho kama minne njiani inatoa kivuli mpaka nusu ya safari.

Tulikaa mpaka usiku makusudi. Mchana mtaa wowote unatembeka, mimi nataka kujua saa mbili usiku mwanamke anatoka kituoni anafika kwake vipi. Taa za barabarani ziko kwenye lami tu, ndani ni taa za vibaraza. Ila akina mama walikuwa wamekaa nje na majiko ya mihogo na samaki, watoto wanacheza, kuna watu. Hapo nilitulia kuliko ningeona nguzo ya taa na ukuta mtupu.

Maji, usimuulize dalali wala mwenye nyumba, muulize jirani anayefua. Bomba kubwa la Ruvu Juu linapita ukanda huu kutoka Mlandizi kwenda Dar, na kila mtu anakuambia kwaiyo maji sio shida. Bomba kupita kwenu sio maji kutoka kwenu. Jirani akasema yanatoka siku kadhaa kwa wiki, usiku zaidi, mwenye simtanki halalamiki. Baba watoto akatabasamu, simtanki lake limepata kazi.

Aprili, mwisho

Tumelipa. Miezi mitatu, 540,000, na dalali kachukua ya mwezi mmoja 180,000, hapo hakuna punguzo, nilijaribu. Mkataba tumeandikishana mbele ya mjumbe, nimeomba iandikwe kodi haipandi kabla ya mwaka, mwenye nyumba kacheka ila kaandika. Nimeuliza LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina deni au haina, ikawa safi, mita ni yetu wenyewe hatuchangii na wapangaji wengine. Ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi kwenye umeme tumekubaliana aitoe kwenye kodi yake, watu wengi wanamlipia mwenye nyumba miaka na hawajui.

Jumla ya kuhama ukiweka na gari ni kama 840,000. Pale Sinza ningetakiwa kuwa na 3,600,000.

Bado uhamisho wa dogo, mwalimu mkuu wa huku Sinza kasaini, wa kule anasubiri barua. Wateja wangu wawili Kariakoo nimewaambia kabisa Jumanne na Ijumaa wasinitafute dukani. Bimkubwa ameshajua jina la muuza nazi.

Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, imekubali 120,000 trip moja, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza. Vitanda vinafunguliwa Ijumaa usiku, simtanki linapanda la kwanza, na sofa kubwa la watu watatu haliingii mlangoni kule, tumepima, kwaiyo linauzwa, anayelitaka aje alichukue Sinza kabla ya Alhamisi na bei tutaongea.